Namba Moja Kati ya Saba

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana magari yalikuwepo na ulafi ulikuwa umeshakomaa, wanyama wa Bonde la Karanga walikuwa na nyumba zao, majiko yao, redio zao na ushirika wao. Sogeeni hapa. Wewe unayetikisa mguu, acha! Hadithi hii mimi nikiisimulia hupandwa na hasira, na mtu mwenye hasira hapendi kutikisiwa mguu.

Ushirika wenyewe ulikuwa wa karanga. Kila mnyama alilima, kila mnyama alivuna, kila mnyama alipeleka mavuno yake ghalani. Swala alipeleka magunia, Panya alipeleka kifuko chake kidogo, na wote waliandikwa. Lengo lilikuwa moja, na lilipigiwa kura kwa mikono na mikia: ushirika ununue pikapu. Pikapu ya kubeba karanga kwenda sokoni, na ya kubeba wagonjwa kwenda zahanati ya Jiwe Jeupe, ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku kwa miguu.

Viongozi walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, mhazini Kifaru, katibu Nyati. Walichaguliwa kwa sababu ni wakubwa. Sababu nyingine haikuwepo, nami nimeitafuta miaka mingi.

Misimu mitatu ilipopita, ghala likajaa mpaka mlango ukawa haufungiki. Viongozi wakamwita Mbweha, mchuuzi wa magari kutoka mjini. Akaja na suti, viatu vinavyolia ko! ko! ko! na kitabu cha picha kwapani.

"Tunataka pikapu," alisema Kiboko.

"Pikapu?" Mbweha akacheka, he he he! "Waheshimiwa, pikapu ni ya wauza mkaa. Ninyi ni wa kupanda pikapu kweli?"

Wakatazamana. Vichwa vikaanza kuvimba palepale.

Mbweha akafungua kitabu. Humo mlikuwa na gari la mbio, jekundu, limelala chini kama mjusi, viti viwili tu.

"Toleo maalumu," alisema kwa sauti ya chini. "Yametengenezwa saba, dunia nzima. Saba! Halafu kiwanda kikavunja mitambo yake. Ukilinunua leo ukalitunza, baada ya miaka kumi matajiri watalipigania kwa ngumi. Utauza moja, utanunua pikapu ishirini."

"Ishirini!" alisema Kifaru.

"Au thelathini. Nani ajuaye?"

Kisha akamchukua kila mmoja peke yake nyuma ya ghala, akamnong'oneza jambo sikioni. Alianza na Kiboko, akaja Kifaru, akamalizia na Nyati. Kila aliyerudi alirudi akitabasamu na kuwatazama wenzake kwa huruma. Alichonong'onezwa mtakijua baadaye.

Basi karanga zote zikaondoka. Zote! Jasho la misimu mitatu likapakiwa kwenye malori ya Mbweha, na magari matatu mekundu yakashushwa ghalani. Yalifanana mpaka taa. Mbweha akaacha masharti. Gari lisiendeshwe, maana kila kilomita inakula bei. Lisioshwe. Nailoni ya viti isitolewe. Lifunikwe turubai jipya, tena lisifunuliwe hata kidogo, kwa sababu mwanga unachubua rangi.

Kabla ya kulifunika, Kiboko alitaka kukaa ndani walau mara moja. Akaingiza mguu, akaingiza bega, tumbo likabaki nje. Kifaru alizuiwa na pembe. Nyati alizuiwa na pembe mbili. Mnasikia? Wakubwa watatu wamenunua magari matatu ambayo hakuna hata mmoja wao anayeweza kuingia! Halafu mama yenu ananiambia nipunguze sauti.

Wanyama waliuliza, "Pikapu yetu iko wapi?"

"Huu ni uwekezaji," Kiboko aliwajibu.

Neno hilo lilikuwa jipya bondeni. Wengi waliliogopa, wakarudi mashambani kulima upya.

Sasa, katika bonde hilo alikuwepo Bi Nguchiro. Mnamjua nguchiro? Mnyama mdogo, mwembamba, mwenye mbio, anayekamata nyoka kwa meno. Huyu alikuwa dereva wa trekta la ushirika, enzi hizo trekta lilipokuwa hai. Mumewe alishafariki, akabaki na binti mmoja, Siwema, aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Mvua za kwanza baada ya magari kufika, Siwema akashikwa na uchungu. Mimba yake ya kwanza. Bi Nguchiro alikimbia mpaka ghalani, akapiga magoti kwenye matope mbele ya Kiboko.

"Mwenyekiti, nakuomba gari. Moja tu. Kwenda na kurudi. Nitaliendesha mwenyewe."

"Lo! Unajua unachoomba?" Kiboko alisema. "Kilomita moja ikisomeka, bei inashuka."

"Binti yangu anajifungua!"

"Nimesikia, mama. Pole sana. Nendeni mkamtafutie kitanda."

Wakambeba kwa kitanda. Majirani wanne, mvua inapiga, mto umejaa. Mtoto alizaliwa kando ya njia, kabla hawajavuka. Hakulia. Siwema alirarua kanga yake vipande viwili, nusu akamfunika yule mtoto, nusu akajifunga mwenyewe.

Tangu siku hiyo Siwema hakusema tena. Alipika, alilima, alifua, lakini mdomo ulifunga. Na kule ghalani magari matatu yalikuwa makavu chini ya turubai jipya.

Bi Nguchiro hakulia. Aliuma meno mpaka taya likamuuma, akasubiri.

Miezi michache ikapita. Siwema akapata mimba tena. Alipofika mwezi wa sita, mama yake aliamka asubuhi moja, akanawa uso, akajipaka mafuta, akajifunga kanga yake nzuri kuliko zote, akaenda ghalani akitabasamu. Jihadharini na mtu mdogo mwenye hasira anapotabasamu.

Pale ghalani viongozi walilinda kwa zamu, kila siku mmoja. Siku hiyo ilikuwa ya Kiboko. Alikuwa amekaa kwenye kiti, nyuma yake misumari mitatu na funguo tatu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba gari, geuza njia."

"Kuomba? Mimi? La, nimekuja kukupa pole. Nasikia uchungu nikiona mtu mwenye akili kama wewe anapata hasara."

Kiboko akainua masikio. "Hasara gani?"

"Hivi, Mwenyekiti, kwa nini gari lako ni la thamani?"

"Kwa sababu ni machache."

"Humu ndani yako mangapi?"

"Matatu."

"Kumbe! Sasa tuseme haya mawili ya wenzako yageuke magari ya kawaida. Yatembee, yachakae, yapakie mihogo. Yangebaki mangapi mazima?"

Kiboko akahesabu kwa vidole. Ilichukua muda.

"Moja," alisema.

"La nani?"

"Langu!" Macho yakamtoka. "Langu peke yake! Eh! Eeeh!"

"Shh! Wasikusikie. Mimi ni dereva. Siku zako za zamu, nipe funguo za Kifaru na Nyati. Nitayatembeza mpaka yajute. Chini ya maturubai yao nitapanga matenga ya nyanya, hakuna atakayejua. Jioni nayarudisha."

"Na wewe unapata nini?"

"Furaha ya kuwatumikia wakubwa," alisema Bi Nguchiro, na kucha zake zilikuwa zimechimba kiganja.

Kiboko alimpa funguo mbili.

Kesho yake zamu ilikuwa ya Kifaru. Bi Nguchiro akaenda na kanga ileile na maneno yaleyale. Kifaru alielewa haraka zaidi kwa kuwa alikuwa na roho mbaya zaidi. "La Kiboko anza nalo," alisema. "Lipitishe kwenye mawe." Keshokutwa ikawa ya Nyati. Nyati hata hakumwacha amalize. "Chukua! Chukua yote mawili! Nilikuwa nawaza hivyohivyo, nikakosa dereva!"

Mnaona? Hakuna aliyedanganywa. Kila mmoja aliambiwa waziwazi kwamba mwenzake ataumizwa, akafungua mlango.

Basi kila siku ya Mungu magari mawili yakawa barabarani. Siku ya kwanza njia iliyakwangua matumbo, kwaruuu! kwaruuu! Wanyama wakaitana msaragambo, kazi ya pamoja. Ngiri akatangulia kufukua mawe, Swala na wenzake wakajaza mashimo changarawe, na kwa siku nne njia ikawa laini mpaka mtoni. Kwenye kivuko wakapanga mawe bapa. Bi Nguchiro aliendesha moja, akamfundisha Kima kuendesha la pili. Yeye mwenyewe alikalia kinu kilichopinduliwa ili aone mbele, na kwenye miguu alifunga vipande vya mti ili avifikie vya kukanyaga.

Vruuuum! Bibi Kobe akapelekwa kutibiwa macho. Vruuuum! Watoto wa Sungura wakapelekwa kuchanjwa, sita kwenye kiti kimoja, wakirarua nailoni kwa furaha. Vruuuum! Mihogo, nyanya, mbegu, matenga ya kuku wa watu. Mfupa wa Digidigi uliovunjika ukafungwa siku hiyohiyo, na leo hii Digidigi anaruka kuliko mimi.

"Hivi wakubwa wenyewe hawakuyaona barabarani?"

Swali zuri, na wewe usimcheke mwenzio. Waliyaona sana! Kiboko alikuwa akiogelea pale kivukoni, gari jekundu likapita likimrushia matope usoni, cha! Akacheka mpaka maji yakamwingia puani.

"Maskini Kifaru!" alisema. "Ona gari lake linavyokwisha!"

Lilikuwa lake, wala hakujiuliza kwa nini linatembea siku isiyo ya zamu yake. Lakini yote yalikuwa mekundu, yote yalifanana, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba lililochafuka linaweza kuwa la kwake. Siku ya zamu yake alifika ghalani, akalipapasa turubai lake, akalikuta limevimba vizuri kwa gari lenyewe, akaridhika. Hakulifunua. Mwanga ungechubua rangi.

Wiki ya pili Bi Nguchiro aligundua jambo. Kila gari lilikuwa na kibati cha shaba pembeni mwa usukani, kimeandikwa. Alikisoma cha kwanza. Akaenda akasoma cha pili. Akarudi kusoma cha tatu. Kisha akakaa juu ya kinu chake, akacheka kicheko kibaya.

Kima akamuuliza, "Kuna nini, mama?"

"Kuna wizi," alisema. "Lakini tukipiga kelele sasa, watayapakia yote wamkimbilie Mbweha wakadai karanga, na Siwema bado miezi miwili. Nyamaza. Endesha."

Miezi miwili ikaenda hivyo.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Kiboko alishindwa kungoja miaka kumi. Alisikia kwamba Mbuni, mkusanyaji maarufu wa magari adimu, anazunguka mikoani akinunua, akamtumia ujumbe aje. Kifaru naye akatuma ujumbe wake kwa siri. Nyati vilevile. Mbuni akapanga siku moja kwa wote watatu, saa sita mchana.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, wote watatu walikuwa ghalani tangu alfajiri. Wamevaa tai. Wamekaa mbele ya mlango, bega kwa bega, wakifungana njia. Kila mmoja alijua moyoni kwamba gari zima ni lake peke yake, na kila mmoja aliwatazama wenzake akiwaonea huruma.

Na siku hiyohiyo, saa tatu asubuhi, Siwema alidondosha sufuria jikoni, ghaa! Akashika tumbo.

Bi Nguchiro alifika ghalani mbio, vumbi nyuma yake. Alipowaona watatu pamoja, akasimama ghafla. Siku zote alimwomba mmoja amdhuru mwenzake. Sasa wenzake walikuwa wamekaa palepale.

"Naomba gari," alisema. "Binti yangu ameanza."

"Haiwezekani!" alisema Kiboko.

"Leo? Leo Mbuni anakuja!" alisema Kifaru.

"Toka hapa!" alisema Nyati.

Akamtazama Kiboko. Kiboko akatazama chini. Akamtazama Kifaru. Kifaru akakohoa. Nyati akaanza kujikuna shingo. Kila mmoja wao alitamani kusema, chukua la mwenzangu, na hakuna aliyethubutu.

Hasira ilimpanda Bi Nguchiro kutoka kwenye kucha. Hasira ya mwaka mzima, ya kitanda, ya mvua, ya nusu kanga. Angeweza kuwang'ata. Lakini kuwang'ata kusingemfikisha Siwema Jiwe Jeupe.

"Sawa, waheshimiwa," alisema. "Ninyi ni viongozi. Amueni kiungwana. Nikizunguka na mgonjwa hapa, Mbuni atakuta kilio mlangoni na biashara itaharibika. Fumbeni macho, kila mmoja anyooshe kidole kwenye gari moja litakalotoka. Lililonyooshewa na wengi ndilo. Wenye kufumba macho hawalaumiani."

Wakafikiri. Kila mmoja aliona neema imemshukia: alinyooshee kidole la mwenzake bila kuonekana!

"Mimi niko tayari," alisema Kiboko haraka.

"Hata mimi," alisema Kifaru.

"Tufumbe!" alisema Nyati.

Wakageukia ndani, wakafumba. Kiboko akanyoosha kwenye gari la Kifaru. Kifaru akanyoosha kwenye gari la Nyati. Nyati, pembe zimelala, akanyoosha kwenye gari la Kiboko.

"Fumbueni," alisema Bi Nguchiro.

Wakafumbua.

Halafu Kiboko akafuata mkono wa Nyati kwa macho, taratibu, mpaka kwenye turubai lake mwenyewe.

"Wewe!" alisema. "Langu?"

"Na wewe Kifaru, langu?" alifoka Nyati.

"Kiboko, mwizi, mnafiki, nimekula nyumbani kwako!" alinguruma Kifaru.

Puu! Kiboko alimpiga Nyati kichwa. Kubu! Nyati akaingiza pembe. Kifaru hakuchagua, aliwavamia wote wawili kwa pamoja, kishindo, ukuta wa ghala ukatoa ufa. Tai zikaruka. Kiti kikawa kuni.

Bi Nguchiro alipita katikati ya miguu yao, akachukua ufunguo wa kwanza aliougusa, akavuta turubai, akaingia, akapanda kinu.

Vruuuuum!

Alimkuta Siwema mlangoni, amemshika mumewe shingoni. Wakamlaza kwenye kiti. Hakusema neno, machozi tu. Njia ilikuwa laini, Mungu awabariki walioitengeneza. Walifika mtoni. Walipofika pale kando ya njia, mahali pale, Siwema alishika mkono wa mama yake akaubana mpaka ukafa ganzi, na Bi Nguchiro akakanyaga mpaka mwisho.

"Hapa hatusimami," alisema. "Mwaka huu hapa hatusimami!"

Maji yakaruka pande mbili. Saa nne kasoro walikuwa mlangoni pa zahanati. Saa tano na nusu, nyaaa! nyaaa! Mtoto wa kike. Mwenye mapafu. Alilia mpaka mkunga akaziba masikio, na bibi yake akakaa chini sakafuni akalia pamoja naye, kilio alichokuwa amekibana mwaka mzima.

Tuwarudie wale watu wa ghalani.

Mbuni alifika saa sita kamili, miwani puani, daftari mkononi. Akakuta wakubwa watatu wamekaa chini wakihema, mmoja hana jino, mwingine sikio limechanika. Wanyama wote walikuwa wamejaa nje kuangalia.

"Magari yako wapi?" aliuliza Mbuni.

"Langu ndilo pekee zima!" walisema wote watatu kwa pamoja.

Wakavuta maturubai mawili yaliyobaki. Pwaa! Matope. Nailoni imeraruka. Maganda ya mihogo kwenye kiti, manyoya ya kuku kwenye taa, na alama za vidole vya watoto wa Sungura kila mahali.

"Langu?" alisema Kiboko kwa sauti ndogo. "Na langu pia?"

Mbuni hakujali matope. Aliinama akasoma vibati. Akasoma kimoja, akasoma kingine, akafunga daftari.

"Hili limeandikwa namba moja kati ya saba," alisema. "Na hili limeandikwa namba moja kati ya saba."

"Aliniambia namba moja ni yangu!" alisema Nyati.

"Aliniambia mimi!" alisema Kifaru. "Nyuma ya ghala! Akasema nisiwaambie!"

"Wiki hii," Mbuni alisema, "nimeonyeshwa magari tisa, yote namba moja. Bonde la Mtama yapo manne. Gari adimu linanunuliwa kwa sababu halipatikani, nalo hili linapatikana kila kijiji chenye mwenyekiti mjinga. Hata mngelihifadhi miaka mia, mngekuwa mmehifadhi chuma. Kwaherini."

Akaondoka kwa hatua zake ndefu. Kule nje wanyama walianza kunguruma. Misimu mitatu! Kila mmoja alikumbuka mgongo wake mwenyewe.

Hapo ndipo gari la tatu lilipoingia, Bi Nguchiro kwenye usukani, Siwema pembeni na kifurushi mapajani. Na Kiboko, mtu asiye na haya, mtu ambaye hata sasa angepaswa kuomba ardhi immeze, akainuka na kidole juu.

"Huyo hapo! Huyo ndiye aliyeharibu mali ya ushirika! Ashitakiwe!"

Bi Nguchiro alifungua mlango. Lakini kabla hajasema, Siwema alishuka. Taratibu, mkono mmoja kwenye mlango, mtoto kifuani. Akaokota turubai moja kutoka chini, akalishika kwa vidole akipima uzito wake.

"Zito," alisema.

Wanyama wote wakamgeukia. Mwaka mzima hawakuwa wameisikia sauti hiyo.

"Zito, tena halipitishi maji. Mwanangu wa kwanza nilimfunika kwa nusu kanga, mvua ikinyesha. Mwenyekiti, siku ile ulikuwa na haya maturubai matatu."

Kiboko akarudi nyuma hatua moja.

"Nauliza tu," alisema Siwema. "Magari yalikuwa yanaogopa nini?"

Kidole cha Kiboko kilishuka chenyewe. Hakuna aliyempiga. Swala alimvua tai, Ngiri akamnyang'anya muhuri wa ushirika, na Panya, ambaye kifuko chake kidogo kilikuwa kimeondoka na yote mengine, alimtemea mate mguuni. Kifaru na Nyati nao wakavuliwa. Walipewa kazi moja: kila baada ya mvua, kuitengeneza njia ya Jiwe Jeupe kwa miguu yao, na gari jekundu likipita, wasimame pembeni.

Mbweha hakuonekana tena bondeni. Karanga hazikurudi, msidanganyike. Magari yalitembea mpaka yakaisha, kama gari linavyopaswa kuisha. Na maturubai matatu Siwema aliyatandaza mbele ya ghala, yakaanikiwa karanga za msimu mpya.

Wanangu, kitu cha wote kikifunikwa ili kipande bei, yupo mdogo mahali anayelipa bei hiyo.

Hadithi nimeimaliza, hasira sijaimaliza. Haya, inukeni mkachote maji, na wewe wa mguu, sasa utikise.